Ukingo wa Kushoto

"Changarawe! Mita moja na nusu!" Nelius alipaaza sauti kuelekea ng'ambo, kisha akanyamaza kusubiri.

Hakuna aliyemjibu. Ng'ambo kulikuwa na mawe, vichaka vya miiba, na mbuzi waliokuwa wakinywa maji na kumtazama kama mtu aliyewakatiza mazungumzo. Akajikumbuka. Akaona haya mbele ya mbuzi, jambo ambalo mtu wa makamo kama yeye hapaswi kulifikia, akaandika kwenye tableti ya ofisi: changarawe, mita moja na nusu. Aliandika shingo upande, kwa sababu katika kazi yao kipimo kilichosemwa na mdomo mmoja hakikuwa kipimo bado.

Ndivyo walivyofundishwa tangu mwanzo. Anayeona anaita, wa ng'ambo anarudia, ndipo inaandikwa. Mto Tana unanguruma pale Kathima unapobanwa na miamba, kabla haujatulia na kuwa bwawa pana la maji ya kijani. Kwa hiyo kila walichokiona kilipita midomo miwili kabla ya kuingia kwenye rekodi. Nelius alikuwa ameitwa na kurudiwa kwa miaka mingi kiasi kwamba hata nyumbani Kanja, akiweka sufuria mekoni, alijikuta akisema "maji nusu" na kungoja.

Kazi yenyewe ukiieleza sokoni utachekwa. Kupima makao ya samaki. Hawahesabu samaki; wanapima nyumba zao. Je, samaki kama ningu ana kivuli? Ana pa kujificha? Mkondo unampa nafasi ya kupumua au unamsukuma tu kutwa? Chini kuna changarawe ya kutagia mayai au ni mchanga mtupu? Ann, shemeji yake, alimuuliza siku moja kama samaki nao siku hizi wana ploti, na kanisa zima likacheka, na Nelius akacheka nao, kisha akaenda nyumbani akiwa amenuna.

Kuna jambo moja kuhusu ukingo wa mto ambalo asiyefanya kazi hii hawezi kulijua. Ukiusimamia, huuoni. Unaona nyasi na udongo ulipoweka miguu, basi. Yaliyo chini yako, pale maji yanapokula udongo na kuacha mizizi ikining'inia na mapango ambamo samaki wachanga hujificha, huyaoni hata ukilala kifudifudi. Mtu mwingine angeshuka majini akachungulie. Lakini Kathima ina mamba, na mamba haulizi unatoka ofisi gani. Kwa hiyo walifanya kazi wawili, mmoja kila upande, na kila mmoja alimwambia mwenzake kilichokuwa chini ya miguu yake. Mapango waliyapima kwa macho, kwa kipimo walichojitungia wenyewe na ofisi ikakikubali: pango la kiganja, pango la mkono, na kubwa kuliko yote, pango la mtu, yaani mtu mzima anaweza kulala ndani.

Mwenzake wa ng'ambo alikuwa Younis, mzee wa Kisomali wa Maua, ambaye Nelius alimwita Baba Sahra naye akamwita Mama Munyi. Younis alikuwa ameendesha pikapu za miraa kwenda Nairobi kabla ya mapambazuko mpaka mgongo ukamkatalia, akaja kutafuta kazi ya taratibu, akaandikwa dereva, na siku mtu wa ng'ambo alipougua wakampeleka yeye. Alikuwa na sauti. Ukimsikia akiita "Mizizi!" ungedhani anauza mizizi.

Walikula chakula cha mchana pamoja kila msimu wa vipimo, ikiwa neno pamoja linaruhusu mto mzima katikati. Yeye Nelius alikaa kwenye jiwe lake bapa kando ya kigingi cha kuanzia vipimo, na bakuli la githeri. Baba Sahra alikaa kwenye mwamba wake na chapati na thamosi ya chai. Alipojitenga kuswali, Nelius aliacha kula akamlindia maji, asije akatoka mamba wakati mwenzake ameinamisha kichwa. Hawakuwahi kuambizana kuhusu hilo. Alilinda tu. Na ukiniuliza mimi, wako watu waliofunga ndoa kanisani ambao hawajawahi kulindana hivyo.

Kila asubuhi Nelius aliinua mkono kumpungia, na Baba Sahra akainua wake. Kisha, misimu miwili ya mwisho, Baba Sahra akaacha. Nelius alimpungia, naye akabaki amesimama kama kigingi, uso umeelekea huku, mikono imelala. Akiitwa aliitika vizuri. Akiambiwa jambo alicheka. Lakini mkono hakuinua. Nelius alijiuliza amemkosea nini. Alipitia maneno yote aliyosema, kama mtu anayepekua mifuko ya nguo chafu, asipate kitu. Akaona huenda mwenzake amemchoka, na hilo likamuuma kuliko alivyokuwa tayari kukubali, akaendelea kupunga kwa ukaidi.

Kitu pekee ambacho Baba Sahra alimwomba katika misimu hiyo ni sweta. "Mama Munyi, ile sweta nyekundu usiivue. Mamba wakuone vizuri." Nelius alikuwa akiivaa alfajiri akitoka chumba alichopanga Kiritiri msimu wa vipimo, na kwa kawaida angeivua jua likipanda, maana Kathima ina joto la kupika yai juu ya jiwe. Baada ya kuombwa hakuivua. Alitoka jasho mgongo mzima kwa ajili ya utani wa mwanamume mmoja, akajiita mjinga, akaendelea kuivaa.

Halafu mvua za masika zilipokatika Baba Sahra akapiga simu. Binti yake Sahra amesema akae dukani Maua sasa. Mgongo. "Haya, Mama Munyi, Mungu akubariki." Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi kuliko ya kuagiza mbolea. Nelius alibaki ameshika simu na maneno mengi ambayo hayakuwa na pa kwenda. Hakumpigia tena. Mtu akikuchoka humfuati mpaka dukani kwake.

Ofisi haikuajiri mwingine. Ilinunua kiboti cha rimoti, kidogo kama karai la kufulia, kinachotembea juu ya maji na kusoma kina na chini ya mto. Nelius alikiri kwamba kiboti kilijua kazi. Kilisoma changarawe vizuri kuliko macho yake. Lakini karibu na ukingo kilinaswa na mizizi, kikalia pii-pii kama kifaranga, na mapango hakikuyaona. Mwaka huu ukingo wa kulia, uliokuwa wa Baba Sahra, aliupima mwenyewe kutoka upande wake kama siku zote. Ukingo wa kushoto, ule aliousimamia, ulibaki wazi kwenye tableti.

*

Adrian alipiga simu jioni, Nelius akiwa Kiritiri amekalia kitanda na sahani ya wali magotini. Adrian ndiye aliyekuwa mkubwa wa timu, kijana wa adabu aliyekaa Embu mjini, na huwezi kumlaumu kwa lolote isipokuwa kwamba alikuwa na haraka.

"Madam, Kathima bado haijaingia. Kamati inakaa wiki hii."

"Ukingo wa kushoto sijauona."

"Weka tu ile ya mwaka jana. Si Younis aliita mkono?"

"Aliita mkono."

"Sasa. Weka mkono tumalize."

Nelius alisogeza sahani pembeni. Hapa ndipo palipokuwa na jambo lenyewe, na wote wawili walilijua. Kila kiangazi bwawa la juu huachilia maji ya ziada kwa ajili ya samaki, kwenye sehemu za mto ambako bado wana pa kujificha. Mwaka huu maji ni machache, na kamati imeamua: sehemu isiyo na hata pango moja la mtu inaondolewa, ijitegemee. Ukingo wa kulia wa Kathima ulikuwa umekwisha. Mkuyu uliokuwa ukiushikilia ulikatwa, mbuzi wakaukanyaga ukawa mteremko wa vumbi. Kwa hiyo Kathima ilikuwa imening'inia kwenye ukingo wa kushoto peke yake, na ukingo wa kushoto ukiandikwa mkono, Kathima imekwenda. Ukiachwa wazi, imekwenda vilevile.

Nelius aliwahi kuona sehemu iliyojitegemea. Huko chini, kiangazi kimoja, maji yalipungua mpaka yakawa ya uvuguvugu, na ningu wakaelea matumbo juu, na harufu ikamfuata mpaka Kanja ikakaa kwenye nywele. Hakutaka kuiona tena, na zaidi ya yote hakutaka kuiona Kathima. Nitalisema wazi kwa sababu yeye hakulisema kwa mtu yeyote: Kathima ilikuwa mahali pekee duniani ambapo mtu alikuwa amemtazama kutwa nzima. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kuangalia chini. Mwanawe Munyi yuko Qatar, na Jumapili anapopiga simu ya video uso wake huganda katikati ya neno. Nyumba ya Kanja ina vyumba vinne na kikombe kimoja kinachotumika.

"Adrian, mkono ni ya mwaka jana. Mto umekula sana mwaka huu. Siwezi kuandika kitu sijaona."

"Madam, hata wewe unajua Kathima imeisha."

"Sijui. Nimeisimamia, siioni."

Adrian akashusha pumzi. "Gari iko Githongo na ile timu ingine, haiwezi kurudi saa hii. Na kuzunguka mpaka ng'ambo ni siku mzima."

"Ni siku yangu," Nelius alisema.

Alipomaliza simu alikula wali uliopoa, akaosha sahani, akaifuta, akaiweka. Redio ya chumba cha pili ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo kwa Kiembu, majina na wafiwa, mjomba wa fulani, mke wa fulani. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliwaza kwamba likisomwa lake litakuwa tangazo fupi.

Kesho yake alifika Kathima kwanza, akaweka alama. Kigingi chenyewe kilikuwa kimefunikwa na nyasi, na kutoka ng'ambo mtu asingejua kipimo kinaanzia wapi. Akavua ile sweta nyekundu, akaifunga kwenye kigingi kando ya jiwe lake bapa, mikono ya sweta akaikaza mara mbili. Alijihisi uchi bila hiyo. Kisha akapanda barabarani kumtafuta mtu wa pikipiki.

*

Aliyempata alikuwa Ndambiri, baba wa watu mwenye kitambi kilichokaa juu ya tangi la mafuta kama abiria wa pili. Walipanda mpaka kwenye bwawa la juu, wakavuka juu ya ukuta wake, kisha wakateremka upande wa pili kwa njia za mbuzi ambazo Ndambiri alizitukana moja moja. Alikuwa mtu wa maswali.

"Sasa ng'ambo unaenda kuona nani, Mama?"

"Hakuna mtu. Naenda kuangalia pahali nakaaga."

Ndambiri aligeuza shingo kumtazama, pikipiki ikayumba. "Si ungeangalia ukiwa hapo?"

"Haionekani."

Ndambiri hakuuliza tena mpaka njia ilipokwisha. Pale aliegesha kivulini, akasema yeye na mamba hawajuani na hataki wajuane, akalala chali. Nelius alishuka peke yake kati ya vichaka, akishikilia miamba, mpaka akatokea mahali ambapo kwa miaka yote hiyo alikuwa amepaona kutoka mbali tu.

Mwamba wa Baba Sahra ulikuwa mdogo kuliko alivyodhani. Juu yake palikuwa pamelainika kwa kukaliwa. Kwenye ufa alikuta kifuniko cha thamosi, cha bluu, kimepauka jua. Alikishika, akakirudisha pale pale. Alijihisi kama mtu aliyeingia chumba cha mwenzake bila kubisha.

Kisha akageuka kutazama upande wake.

Mwanzoni aliona ile sweta tu, kijitu chekundu juu ya ukingo. Akashusha macho. Akakaa chini kwenye mwamba.

Chini ya sweta hapakuwa na kitu. Ukingo ule aliokuwa ameukalia misimu yote, akala githeri, akanyoosha miguu, akasinzia mara mojamoja, ulikuwa mdomo tu wa udongo uliotokeza juu ya giza. Jiwe lake bapa lilikuwa limelala kwenye tabaka lisilozidi unene wa godoro. Mto ulikuwa umekula kutoka chini, ukaingia, ukaendelea kuingia. Mizizi ya mikuyu miwili ya nyuma ilining'inia kutoka darini mpaka ndani ya maji kama nyuzi za kikapu kilichofumuka, na katikati ya mizizi ile maji yalikuwa meusi na yametulia. Alipotazama kwa muda aliona yanatikisika. Samaki wachanga, wengi, wakitoka kivulini kwa pamoja na kurudi kwa pamoja. Ningu mkubwa alijigeuza ubavu ukang'aa, akazama.

Pango la mtu lilikuwa dogo mbele ya lile. Lile lilikuwa na nafasi ya mtu kulala na mwingine kando yake, na wasigusane.

Furaha ilimjia kwanza, na ilikuwa furaha ya kweli, akapiga paja. Kathima imepona! Kiangazi maji yatakuja. Kisha akawaza lile jiwe lake. Pango kama lile halichimbwi na mvua ya msimu mmoja. Lilikuwepo mwaka jana. Labda hata mwaka juzi lilikuwa limeshapita mkono. Na Baba Sahra alikuwa amesimama hapa hapa, akiwa ametazama pale pale, akaita kwa ile sauti yake: "Mkono! Kama kawaida!"

Kama kawaida. Hakuwahi kusema kama kawaida zamani.

Nelius alikaa na neno hilo. Ule mkono usioinuka. Uso ulioelekea kwake bila kumjibu. Ile sweta. Vitu hivyo alikuwa amevibeba kimoja kimoja kwa misimu miwili, kila kimoja kikimuuma kivyake, na sasa vikajipanga mbele yake vyenyewe, na akaelewa, na akasema kwa sauti, "Ai, Baba Sahra."

Upande ule simu ilikuwa na mtandao, vijiti vyote. Upande wake haukuwahi kuwa nao. Alipiga moyo konde, kisha akapiga simu.

*

"Mama Munyi!" Nyuma yake kulikuwa na kelele za duka, mizani, mtu akiomba sukari. "Ni wewe? Mbona nasikia mto?"

"Niko upande wako."

"Upande wangu gani?"

"Kathima. Nimekalia hii jiwe yako."

Akacheka, kile kicheko cha kuvuka maji. "Nani amekuvusha?"

"Pikipiki. Baba Sahra, niko na kipimo na sina mtu wa kurudia. Utarudia?"

"Walahi. Leta."

Nelius alisimama. Hakukuwa na haja ya kusimama, lakini hakuwahi kuita akiwa ameketi. "Ukingo wa kushoto! Kivuli, nusu!"

"Kivuli, nusu!" Maua nzima ilisikia. Mtu wa sukari aliuliza kuna nini, akaambiwa anyamaze, hii ni kazi.

"Mizizi, mingi, inafika maji!"

"Mizizi, mingi, inafika maji!"

Macho yalimuuma Nelius. Ilikuwa raha isiyo na jina, kusema neno na kulisikia likirudi. Aliandika. Kisha akashusha sauti. "Pango."

"Pango," alisema Baba Sahra, akingoja.

"Pango la watu wawili."

"Hiyo haiko, Mama Munyi. Ni kiganja, mkono, mtu. Inaishia hapo."

"Sasa iko."

"Iko wapi?"

"Chini ya ile jiwe nakaliaga."

Mizani ilisikika ikigonga. Mtoto alilia mahali fulani dukani, akanyamazishwa. Baba Sahra aliposema tena sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, mzee. "Mimi niliita mkono."

"Uliita mkono."

"Na hiyo mwaka ingine pia."

"Pia."

"Nilikuwa naita ile nakumbuka." Akavuta pumzi. "Ni macho, Mama Munyi. Mtoto wa jicho, yote mbili. Sahra amenipeleka Meru mjini, wamesema itakatwa, tunangoja. Hiyo wakati sikuwa naona ukingo. Maji yenyewe nilikuwa naisikia tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeambia ofisi. Wewe huwezi kukaa na kitu kama hiyo. Na ofisi ingenitoa."

Ni kweli angewaambia. Nelius alikasirika, na alikuwa na haki. Angeweza kuanguka. Angeweza kuwa anakula githeri yake siku yoyote, jiwe lote likashuka naye kwenye lile giza, mbele ya mtu asiyeona. Maneno makali yalimfika kooni, yakapanga foleni. Alitazama ng'ambo, ule mdomo mwembamba wa udongo, na akajikuta anauliza kitu kingine kabisa.

"Na mimi? Nilikuwa nakupungia mkono kila asubuhi."

"Lini?"

"Kila asubuhi, Baba Sahra."

"Mkono sikuona," alisema polepole. "Nilikuwa naona nyekundu tu. Ikisonga, najua umeinuka. Ikitulia, najua unakula. Ikikosekana naogopa, naita kitu, hata kama hakuna kipimo, ndio nisikie ukirudia."

Nelius alikumbuka. Zile "Changarawe!" za ghafla katikati ya mchana, ambazo zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Alikuwa akizirudia akidhani mzee amechanganyikiwa na jua.

Alifuta uso kwa kiganja. "Rudia, Baba Sahra. Nisiporudiwa siandiki, na nisipoandika hii maji hatupati."

"Unataka niseme hiyo?"

"Sema."

Kisha akaita, si kwa ile sauti ya kuuza, bali kwa sauti ya mtu anayesoma jina kwenye kaburi. "Pango la watu wawili. Chini ya Mama Munyi."

Ile sehemu ya mwisho haikuwa kipimo. Nelius aliandika ya kwanza: pango, zaidi ya mtu, hatari kusimama juu. Akaituma Embu hapo hapo, na kabla hajafunga tableti Adrian akawa amejibu kwamba ameona, Kathima inabaki, na kwamba ukingo wa kushoto ufungwe, mtu yeyote asikanyage tena, vipimo vifanyike kutoka kulia peke yake. Alikuwa sahihi. Nelius mwenyewe angeshauri hivyo. Kwa hiyo kuanzia sasa atakuwa anakuja huku, kwenye mwamba huu, akitazama kule.

"Wamekubali?" aliuliza Baba Sahra.

"Wamekubali. Maji itakuja."

"Alhamdulillahi." Kisha: "Na hiyo nyekundu iko wapi saa hii?"

"Nimeifunga kwa kigingi. Ndio alama."

"Usirudi kuitoa."

"Sirudi."

"Unaiona?"

"Naiona." Nelius alikaza macho. "Kumbe ni kadogo hivi."

"Mimi ilikuwa inanitosha," alisema Baba Sahra.

Mtu wa sukari alikuwa amechoka kungoja, alisikika akisema anaenda duka lingine. Nelius akamwambia Baba Sahra amhudumie mteja. Akasema haya, atapiga, macho yakikatwa atapiga. Wakaagana.

Juu kule Ndambiri alipiga honi mara moja, kumkumbusha kwamba njia ni ndefu. Nelius hakuinuka mara moja. Mto ulinguruma kwenye miamba kama siku zote na kutulia pale chini kwenye kijani. Upepo ukapanda kutoka majini, na ng'ambo ile nyekundu ikasonga, kama mtu anayeinuka baada ya kula. Nelius alijua vizuri kwamba hapakuwa na mtu. Akainua mkono, akapunga.